Picha imekataa kuingia? Rada yote ya kuandaa picha ya eCitizen, viza na fomu zingine za gava

Dedlaini ni saa sita usiku. Saa tano na nusu ushajaza kila kitu: majina matatu, namba ya kipande, kaunti, lokesheni, mpaka jina la chifu. Unafika mahali pa picha, unachagua ile selfi yako kali ya Krismasi, unabonyeza, halafu saiti inakutemea maandishi mekundu: faili ni kubwa mno. Unajaribu nyingine: aina ya faili hairuhusiwi. Unajaribu skrinshoti: vipimo si sahihi. Saa sita kasorobo uko WhatsApp ya jamaa wa saiba ukimwomba aamke, na jamaa ameweka blue tick tu.

Siku hizi hakuna kukwepa. Tangu 2023, gava ilipohamisha maelfu ya huduma kwenda eCitizen, karibu kila karatasi unayotaka maishani inaanzia kwa fomu ya mtandaoni, na fomu nyingi zinataka picha au kopi ya kitu. Kazi, chuo, mkopo, viza ya kwenda majuu, zote zinakuuliza faili. Na hakuna mtu alitufunza hii maneno shuleni. Tulifunzwa vile mafuta yanazuia kutu, lakini vile picha ya 4MB inakuwa 200KB bila uso kuharibika, hapo kila msee ajipange.

Basi wacha tupange hapa.

Picha yako inapita mageti mawili

Geti la kwanza ni mashine. Haiangalii kama unakaa poa, inapima faili pekee: ina uzito gani, ina umbo gani, ni ya aina gani. Ikikukataa inakukataa papo hapo, na haikulipishi chochote. Unarekebisha, unajaribu tena.

Geti la pili ni afisa, au programu ya kutambua sura, na mara nyingi linakuja baadaye, ukiwa ushalipa na unangoja. Hapo ndipo kivuli, giza, filta na ukuta wa rangi ya waridi vinakuangusha. Fomu inarudishwa, unaanza upya, na siku zimeenda.

Shida ni kwamba wasee wengi wanapigana na geti la kwanza usiku kucha. Wanafinya picha, wanafinya tena, mpaka inaingia. Halafu ile kufinya imeufanya uso ukae kama ukuta wa plasta, na geti la pili linaitupa. Ukianza na picha fiti, geti la kwanza ni kazi ya dakika tano.

Soma ule mstari mdogo kwanza

Hakuna kipimo kimoja cha saiti zote. Hata eCitizen ni kama jengo moja lenye ofisi nyingi ndani, kila idara na fomu yake na masharti yake. Usiamini ule ujumbe wa grupu unaosema "picha ya gava ni saizi hii". Karibu na kile kitufe cha kupakia huwa kuna maandishi madogo, na hayo ndiyo sheria. Yapige picha au yaandike kabla hujafanya kitu kingine.

Cheki vile zinatofautiana. Fomu ya viza ya Marekani, ile ya DS-160, inataka JPEG ya umbo la mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600 mpaka 1200 kwa 1200, na isizidi 240KB. Viza ya mtandaoni ya India, ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa sababu ya safari za matibabu, inataka pia JPEG ya mraba, lakini uzito ni kati ya 10KB na 1MB. Hiyo ina kiwango cha chini, na watu husahau hilo: picha inaweza kukataliwa kwa kuwa nyepesi mno. Viza ya Schengen, ya kwenda Ufaransa, Ujerumani na majirani zao, hutumia picha ya milimita 35 kwa 45, ambayo ni ya kusimama wima na si mraba. Ukiandaa moja utumie kote, kuna mahali itakuruka.

Alafu kuna zile ambazo unasumbuka bure. Picha ya kipande haitoki kwa simu yako, unapigwa kwa ofisi ya usajili, na ndiyo maana Kenya nzima inaficha kitambulisho mtu akitaka kuona. Paspoti pia, ile sura inayokaa ndani ya kitabu inachukuliwa siku ukienda kutoa alama za vidole, iwe ni Nyayo House au kwingine. Good conduct ya DCI ni thao moja na finje, na kitu inakula hapo ni vidole kwenye fomu ya C24, si selfi. Kwa hivyo kabla hujalipa mtu wa studio, hakikisha fomu yenyewe inataka picha.

Pikseli, KB na milimita, bila kizunguzungu

Hizi tatu watu huchanganya, na ndipo shida inaanzia.

Pikseli ni zile nukta ndogo zinazojenga picha. 600 kwa 600 ni nukta 600 kwenda kando na 600 kushuka chini. Hiyo ndiyo saizi ya kweli ya picha ya kidijitali.

KB, yaani kilobaiti, ni uzito wa faili kwenye simu. 1MB ni kama 1,000KB. Picha mbili zenye pikseli sawa zinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa, kulingana na vile zimefinywa. Kamera ya simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya karibu pikseli 4000 kwa 3000, na uzito wake mara nyingi ni MB kadhaa. Ndiyo maana picha moja kwa moja kutoka kwa kamera karibu kila mara inagonga ukuta.

Milimita ni za karatasi. Ukipewa milimita na fomu ni ya mtandaoni, gawanya kwa 25.4, kisha zidisha kwa 300, ambayo ndiyo idadi ya nukta kwa kila inchi inayotumika sana kwenye picha za kuchapishwa. Milimita 35 kwa 45 inakuwa pikseli 413 kwa 531. Ile picha ya Marekani ya inchi mbili kwa mbili inakuwa 600 kwa 600 kamili, unaona sasa ile namba inatoka wapi.

Kupiga yenyewe: mwanga, na ngozi yetu

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo picha nyingi za Wakenya zinakufa, na si makosa ya sura ya mtu.

Kamera ya simu inapima mwanga wa fremu nzima. Ukimweka msee mweusi mbele ya ukuta mweupe kabisa, simu inaona weupe mwingi na kuamua kuna mwanga wa kutosha, kwa hivyo inapunguza. Ukuta unatokea fiti, uso unatokea kama kivuli. Macho hayaonekani vizuri, mstari wa taya umepotea kwenye shingo, na programu ya kutambua sura inashindwa kujua kidevu kinaishia wapi.

Na hizi programu zina historia na sisi. 2018, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walitoa utafiti wao wa Gender Shades, uliopima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa sura, na zilikosea zaidi kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kuliko kwa kundi lingine lolote. 2020, BBC ilijaribu mfumo wa gava ya Uingereza unaokagua picha za paspoti, kwa kutumia picha zaidi ya 1,000 za wanasiasa wa nchi mbalimbali. Wanawake weusi waliambiwa picha yao haifai mara 22 kwa kila 100, wanawake weupe 14. Wanaume weusi 15, wanaume weupe 9. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kijana mmoja mweusi kulekule aliambiwa na mfumo huo kwamba amefungua mdomo, na alikuwa ameufunga. Ni lipsi zake tu.

Kwa hivyo ukiambiwa picha yako ni mbovu na wewe unaiona iko sawa, haujarukwa na akili. Mashine ndiyo ilifunzwa vibaya. Lakini fomu ni yako na dedlaini ni yako, so tunaizunguka kwa mwanga.

Piga mchana. Tafuta mahali penye kivuli cha nje, kama koridori ya ploti au veranda, nyuma yako ukuta mweupe au shuka nyeupe iliyonyooshwa, mbele yako anga wazi. Mwanga wa anga unaufikia uso wote sawa, bila kivuli cha pua kukatiza shavu. Usisimame juani, utakunja uso na paji litang'aa kama sufuria mpya. Ndani ya keja, simama ukitazama dirisha, dirisha lisiwe nyuma yako wala kando. Balbu ya katikati ya chumba ni adui: inakuangazia nywele na kukuchimbia mashimo kwa macho. Flashi ya simu nayo inaleta mng'ao wa mafuta na kivuli kigumu ukutani.

Kaa mbele ya ukuta kama hatua moja, usiuegemee, ndiyo kivuli chako kiangukie chini. Na angalia ukuta wenyewe. Ukuta wa kijani au wa bluu kando yako hutupa rangi usoni, kwa picha utakaa mgonjwa.

Sasa ile siri yenyewe. Kwenye kioo cha simu, gusa uso wako kwa kidole kabla ya kupiga. Kwa simu nyingi katatokea kaalama ka jua au kamstari. Kapandishe juu kidogo mpaka uone ngozi ya uso imefunguka, macho yanaonekana na mstari wa taya uko. Ukuta ukizidi kuwa mweupe, sawa. Lakini usipandishe mpaka ubadilike rangi, afisa akikuona kaunta asikujue. Ngozi itoke vile iko mchana, basi.

Mtu mwingine akupigie, na kamera ya nyuma. Selfi ina shida tatu kwa mpigo. Mkono ni mfupi, na kamera ikiwa karibu hivyo pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Simu nyingi zinahifadhi selfi ikiwa imegeuzwa kama kioo, kwa hivyo alama ya shavu la kulia inahamia kushoto. Na kamera ya mbele mara nyingi ina ile kitu ya kulainisha ngozi, ambayo kwa simu zingine iko on tangu ukiinunua. Mpigaji awe mita moja na nusu hivi, simu iwe sawa na macho yako, asipige kutoka chini wala juu. Kama uko solo, simamisha simu kwa dirisha au rafu ya vitabu na utumie taima.

Acha nafasi. Fremu iingize kichwa na mabega na hewa ya kutosha kila upande. Kukata baadaye ni rahisi, kuongeza sehemu ambayo haikupigwa haiwezekani.

Nywele, hijabu, miwani na zile filta

Nywele. Kwa picha ya viza ya Marekani, kichwa kinatakiwa kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha, na kichwa hupimwa kutoka chini ya kidevu mpaka juu, nywele zikihesabiwa. Kwa picha ya pikseli 600 hiyo ni kati ya pikseli 300 na 414. Sasa piga hesabu na afro ya inchi sita au dredi zimefungwa juu kama mnara. Nywele zinakula nafasi yote, uso unabaki kasehemu. Haujaambiwa unyoe. Zifunge nyuma au zishushe mabegani, bora zisifunike uso wala macho. Wigi ya bangi ndefu pia, isukume kando.

Hijabu, kilemba cha dini na vitu kama hivyo vinakubalika kwa fomu nyingi, ikiwemo ya Marekani, mradi uso wote uonekane kutoka kidevu mpaka paji na kusiwe na kivuli kinachoangukia uso. Kitambaa cheupe mbele ya ukuta mweupe kitapotea, chagua rangi nyingine. Hiyo inaenda pia kwa shati: shati jeupe linakufanya uonekane kichwa kinachoelea hewani. Kofia ya mtindo, marvin na kepu, toa. Iyafoni na hedifoni, toa.

Miwani, toa pia. Marekani ilikataza miwani kwa picha za viza na paspoti kuanzia tarehe 1 Novemba 2016, na hata mahali inaruhusiwa mng'ao wa kioo huwa tatizo. Mdomo ufunge, macho fungua, tazama kamera. Tabasamu ya kuonyesha meno iachie Instagram.

Filta na AI ndizo zinachoma watu siku hizi. Kuna programu unaweka selfi, inakutolea picha ukiwa na suti ambayo huna na shingo ambayo si yako. Marekani imesema wazi haitaki picha iliyobadilishwa kwa programu, filta au AI. Na hata pale ambapo hawajaandika, fikiria: picha hii italinganishwa na uso wako kaunta au kwa kamera ya eapoti. Ukijilainisha mpaka kovu lako limepotea, umejifanya mtu mwingine kwa hati rasmi.

Ile mchezo ya studio za tao ya kukata usuli na kubandika mweupe inaingia hapo hapo. Cheki nywele zako kwenye picha kama hiyo: pembeni zimekatwa kama kwa makasi, masikio yana mzunguko mweupe. Bora shuka nyeupe ya kweli ya mathako.

Mtoto mchanga mlaze juu ya shuka nyeupe sakafuni karibu na dirisha, ukimpiga kutoka juu, na uangalie kivuli chako kisimwangukie. Mkono wa mama usionekane. Utapiga hamsini upate moja, hiyo ni kawaida.

Kata, punguza, finya, kwa huo mpango

Ushapata picha safi. Kabla ya kuigusa, tengeneza kopi. Ile asili isiguswe, iko hivyo milele. Kopi ndiyo unachezea.

Kwanza kata. Karibu kila simu ina sehemu ya kuhariri kwenye galari, na ndani yake kuna uwiano wa kukata: chagua mraba kama fomu inataka mraba. Weka uso katikati, acha nafasi kidogo juu ya nywele.

Pili punguza pikseli mpaka zile fomu inataka. Usivute picha upande mmoja ili namba zitoshee, utakuwa na uso wa chapati. Kama ulikata mraba vizuri, 600 kwa 600 itakuja yenyewe.

Tatu, mwisho kabisa, finya uzito. Ukifika hapa mara nyingi utakuta kazi imeisha, kwa sababu kupunguza pikseli tayari kumeshusha KB. JPEG ya 600 kwa 600 kwa kawaida inakaa chini ya 240KB hata ukiiacha na ubora mzuri. Ndiyo maana mpango ni muhimu. Anayefinya kwanza anaharibu picha kubwa ya megapikseli 12 ili itoshee KB ambazo ingetoshea tu ikiwa ndogo.

Tools ni za bure. Kompyuta yoyote ya Windows, hata ile kuukuu ya saiba, ina Paint: fungua picha, bonyeza Resize, chagua Pixels, andika 600, kisha Save as na uchague JPEG. Kwa simu au kompyuta, saiti ya squoosh.app ni moto. Ilitengenezwa na watu wa Chrome pale Google, unaandika pikseli unazotaka, unavuta kamstari ka ubora, na inakuonyesha uzito mpya kabla hujahifadhi. Kitu poa zaidi ni kwamba kazi yote inafanyika ndani ya simu yako, picha haipelekwi kwa seva ya mtu. Saiti nyingi zingine za kufinya picha zinaipeleka kwao kwanza. Kwa picha ya paka hakuna noma. Kwa uso wako na kopi ya kipande, fikiria mara mbili.

Kama faili ni ndogo mno, yaani fomu inataka pikseli 600 na yako ni 300, usiivute kuwa kubwa. Namba itatimia lakini picha itakuwa ukungu. Rudi kwa ile asili ukate upya, au piga nyingine.

Vitu vidogo vinavyokula usiku wa watu

WhatsApp. Ukitumiwa picha kama picha, inafinywa njiani. Mwambie msee akutumie kama Document, hapo inafika vile ilivyo. Hii ndiyo sababu picha ya studio "iliyotumwa WhatsApp" inakuja nyepesi na yenye ukungu.

Aifoni. Tangu iOS 11 ya 2017, aifoni nyingi huhifadhi picha kama HEIC, na saiti nyingi za gava hazijui hiyo ni mnyama gani. Enda Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible, kisha upige upya. Kubadilisha jina la faili kutoka .heic kuwa .jpg hakubadilishi chochote ndani, ni kama kuandika Benz kwa mkokoteni. Lakini .jpeg na .jpg ni kitu kimoja, hiyo unaweza kubadilisha jina bila wasi.

Skrinshoti. Inapoteza ubora, inakuja na pikseli za kioo chako, na kwa simu nyingi ni PNG. Usitumie.

Picha inalala kando. Kwa simu imesimama, ukiipakia inalala. Simu iliandika tu maelezo kwamba "zungusha hii" na saiti haisomi hayo maelezo. Ifungue kwa Paint au kwa galari, ihariri, uihifadhi kama mpya, itasimama.

Jina la faili. "IMG 2025 (1) final FINAL.jpg" inaweza kusumbua saiti zingine. Ita jina fupi lisilo na nafasi wala alama, kama picha600.jpg.

Na kama kila kitu kiko sawa na bado inakataa, jaribu brauza nyingine au subiri asubuhi. Wakati mwingine ni saiti imelala, si wewe. Kwa DS-160, picha ikikataa kabisa, fomu inakuruhusu kuendelea halafu unabeba picha iliyochapishwa siku ya mahojiano. Usiache fomu nzima ife sababu ya hiyo.

Kopi za kipande na vyeti

Hizi ni rahisi zaidi. Usizipige kama picha ya kawaida ukiwa umezishika mkononi na kidole kikionekana. Apu ya Google Drive ina sehemu ya kuskani: inanyoosha karatasi, inakata pembeni, na inatoa PDF. Aifoni inafanya hivyo kwenye Notes. Kipande skani mbele na nyuma ndani ya PDF moja, isipokuwa fomu imeomba tofauti. Cheti kilichofunikwa kwa plastiki kiweke mbali na balbu, mng'ao unafuta namba. Halafu soma kila namba ukiwa umeivuta kubwa. Kama wewe huisomi, afisa hataisoma.

Kama lazima uende saiba

Hakuna aibu, wengi hatuna laptop. Lakini enda na picha yako tayari, uketi wewe mwenyewe kwa kiti, na mambo haya uyashikilie.

Akaunti ifunguliwe kwa namba yako na barua pepe yako. Kuna watu leo hawawezi kuingia akaunti zao kwa sababu jamaa wa saiba alitumia yake "ili iende haraka", halafu saiba ikafungwa. Nywila uiandike wewe.

Fungua kwa dirisha la incognito. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Ingia folda ya Downloads na Desktop, futa picha na PDF zako, kisha ufute pia ndani ya Recycle Bin. Picha safi ya uso pamoja na kipande mbele na nyuma ndivyo vitu mtu anahitaji akitaka kujifanya wewe mahali, na kompyuta nyingi za saiba zina mamia ya hizo zimelala hapo wazi.

Sheria iko upande wako pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuitisha data yako ifutwe, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inapokea malalamishi. Hawachezi: 2023 walipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake.

Kama ulifungua WhatsApp Web kupata ile picha, toa simu kabla hujatoka mlangoni, ingia Linked devices, na ufute hiyo kompyuta. Ukifika keja, weka ile picha asili kwa folda yake na uandike mwezi na mwaka kwa jina, kwa sababu fomu kama ya Marekani haitaki picha iliyopita miezi sita.